Haloperidoli ya wodini haikuandikwa iwe ya maisha

Wengi wanaonijia hapa Kisumu na bipola, ugonjwa unaompandisha mtu kwenye mania (msisimko uliopita kiasi) na kumshusha kwenye sonona (huzuni nzito), tayari wana jibu la swali la dawa. Liko kwenye kitabu chao cha kliniki, lile daftari la shule lenye kona zilizokunjika: haloperidoli miligramu 5 jioni, kabamazepini, Artane. Ya kwanza hutuliza mania, ya pili ni ya kifafa inayotumika pia kwa bipola, ya tatu ni ya kupunguza madhara ya ile ya kwanza. Mwezi unaofuata, "endelea". Unaofuata tena, "endelea", kwa mwandiko mwingine. Dawa iliyomtuliza mtu usiku ule alipoletwa na ndugu zake akiwa hajalala siku nne ndiyo anayomeza miaka minne baadaye. Haongei sana, shambani haendi, na nyumbani wanasema angalau siku hizi ametulia.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Watu wakiniuliza ni antisaikotiki (dawa ya kutuliza akili iliyovurugika, kama haloperidoli) ipi inafaa bipola, huwa wanataka kujua ipi ina nguvu. Swali hilo lina jibu, ila halisaidii sana. Mwaka 2011 Andrea Cipriani na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet ulinganisho wa majaribio 68 ya dawa za mania, yenye washiriki zaidi ya 16,000. Haloperidoli, dawa ya bei nafuu iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, ilitokea juu kabisa kwa kushusha mania, ikifuatwa kwa karibu na risperidoni na olanzapini. Kwa hiyo daktari wa zamu aliyemchoma sindano saa nane za usiku hakukosea. Lakini kilichopimwa hapo ni matokeo ya wiki 3 hivi.

Bipola haiishi kwa wiki 3. Huko Marekani, Lewis Judd na wenzake waliwafuatilia watu 146 wenye bipola ya aina ya kwanza kwa wastani wa karibu miaka 13, wakihesabu dalili wiki kwa wiki. Karibu thuluthi moja ya wiki zote walikuwa chini, kwenye sonona. Mania na haipomania (mania nyepesi) zilichukua asilimia 9 hivi. Mania ndiyo inayovunja madirisha na kuuza ng'ombe wa baba, kwa hiyo kijiji kizima huikumbuka. Sonona inammaliza mtu kitandani na hakuna anayekodi gari kumkimbiza hospitali. Haloperidoli haitibu sonona ya bipola. Mtu ambaye sehemu kubwa ya ugonjwa wake iko huko, tumempa dawa ya ile asilimia 9.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachotafuta ni upande unaomuumiza zaidi. Namuuliza yeye, kisha namuuliza aliyemsindikiza, maana majibu hayafanani. Ndugu hukumbuka vurugu. Mgonjwa hukumbuka miezi aliyoshindwa hata kuoga.

Ikiwa ni upande wa chini, kwetiapini ndiyo ninayoifikiria kwanza, ikipandishwa kidogo kidogo hadi miligramu 300 usiku. Hapa nina ugomvi na mazoea fulani: mtu anaandikiwa miligramu 25 ili alale, kisha anaambiwa anatibiwa bipola. Kipimo hicho ni cha usingizi tu. Olanzapini ikiandamana na fluoksetini, dawa ya sonona ya kawaida, nayo husaidia sonona hii. Fluoksetini peke yake siitoi, kwa sababu inaweza kumrusha mtu juu, kwenye mania. Aripiprazoli huzuia mania isirudi na hainenepeshi sana, ila kwenye sonona ya bipola majaribio yake hayakufua dafu.

Madhara ndiyo yanayoamua mengine yote. Chukua mvuvi mmoja wa omena wa upande wa Dunga (nimechanganya habari za watu kadhaa ili asitambulike). Aliletwa na shemeji yake aliyesema ugonjwa umerudi: hatulii, usiku anazunguka boma, kwenye benchi anainuka na kukaa. Haloperidoli ilikuwa imeshaongezwa mara mbili. Nikatazama chini ya meza. Alikuwa akikanyaga papo hapo, kisigino juu, kisigino chini, kama fundi aliye kwenye cherehani.

"Ndugu yangu, ni akili inayokwenda mbio, au ni miguu?"

"Ni miguu, Daktari. Mimi mwenyewe nimechoka. Nataka kukaa."

Mwenye mania haombi kukaa. Ile ni akathisia, dhara la dawa yenyewe, na kila ukiongeza dozi unaizidisha. Haloperidoli huileta sana, na hata aripiprazoli inaweza. Inatibiwa kwa kupunguza dozi au kubadilisha dawa, na propranololi kidogo humsaidia asiye na pumu. Artane, inayoongezwa kwa desturi tu, ni ya kukakamaa na kutetemeka. Kwa akathisia haifanyi la maana, huku ikikausha mdomo, ikifunga choo na kuvuruga kumbukumbu. (Mtaani pia ina soko lake, na wafamasia wanajua.) Miaka ikipita kwenye haloperidoli, wengine huanza kutafuna bila chakula na kutoa ulimi bila kukusudia, na dhara hilo huenda lisiondoke hata dawa ikiachwa.

Kwa mvuvi yule kwetiapini nayo ilikuwa na shida yake. Omena huvuliwa usiku, kwa taa. Dawa inayomlaza mtu saa tatu na kumpa kizunguzungu akisimama ghafla haifai ndani ya mashua. Ilibidi tuzungumzie kazi kabla ya dawa, kwa kuwa kukesha kwenyewe huamsha mania. Shemeji akamtafutia kazi ya kushona nyavu mchana, na hapo kwetiapini ikawezekana. Asingepata njia hiyo, ningechagua nyingine.

Olanzapini ningeiandika mara nyingi zaidi kama si uzito. Inafanya kazi haraka, mtu analala, hakakamai. Lakini njaa yake si ya kawaida. Mama mmoja anayeuza mitumba Kibuye aliniambia anaamka saa tisa za usiku kula ugali uliolala. Kabla ya kidonge cha kwanza napima uzito, kiuno, presha na sukari, na baada ya miezi mitatu napima tena. Mizani ikipanda kwa kasi wiki za mwanzo singoji hiyo miezi mitatu. Jambo jingine ambalo wengi hawaulizwi: moshi wa sigara huishusha olanzapini mwilini. Aliyeacha kuvuta akiwa wodini, akirudi nyumbani na kuwasha tena, anaweza kudhani dawa imegoma. Risperidoni ni nzuri kwa mania, ila hupandisha homoni ya prolaktini, na mwanamke anaweza kukosa hedhi au kutokwa maziwa bila mtoto.

Huku ukanda wa ziwa kuna swali lazima liulizwe mlango ukiwa umefungwa: unatumia ARV? Kabamazepini hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi. Hushusha dolutegraviri, mojawapo ya ARV, kiasi kwamba dozi yake hulazimika kuongezwa maradufu. Hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi. Kabamazepini pia huifagia kwetiapini mwilini hadi kwetiapini ibaki karibu bure, kwa hiyo kuziandika pamoja ni kumpotezea mtu pesa zake.

Valproeti, dawa nyingine ya kifafa inayotumika pia kwa bipola, simpi mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa kuna njia nyingine. Karibu mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida za ukuaji wa akili. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya kuegemea antisaikotiki kwa wasichana wetu. Lithiamu, iliyoanza kutumika kwa mania mwaka 1949, bado ndiyo ninayoiamini zaidi dhidi ya kujiua. Inataka vipimo vya damu vya mara kwa mara, kiwango chake kikikaa kwa kawaida kati ya 0.6 na 1.0 mmol/L, na inataka mtu asinunue diklofenaki ya maumivu kiholela dukani, maana huipandisha hadi iwe sumu. Kuhara kwa siku mbili pia kunatosha kuipandisha. Kama maabara iko mbali na nauli haipo, siiandiki kwa kujipa moyo.

Halafu kuna suala la mfuko. Nauliza dawa itanunuliwa na nani, na duka gani la dawa huko Siaya au Vihiga anakotoka linaiweka. Jibu likiwa ni kimya, tunarudi nyuma na kutafuta inayopatikana, kwa dozi ndogo inayotosha.

Kubadilisha dawa huchukua wiki kadhaa, mpya ikipanda huku ya zamani ikishuka. Haloperidoli haikatwi ghafla eti kwa sababu umesoma blogu ya daktari. Na wiki hizo, mgonjwa akilala saa tatu au nne tu kwa siku mbili mfululizo na bado hachoki, asingoje tarehe ya kliniki. Aje kesho yake asubuhi, na aje na mtu.