Uso haulii: hisia katika mistari ya Jan Toorop

Mwambie mwanafunzi mpya achore huzuni, atakuchorea machozi. Midomo itapinda chini, nyusi zitakutana, na tone litaning'inia shavuni. Nimelisahihisha tone hilo miaka nenda miaka rudi. Siku hizi sisemi kitu: nabandika ubaoni nakala ya mchoro mmoja wa mwaka 1893, nafunika nyuso zote kwa vipande vya karatasi, kisha nauliza, "Haya, nani ametulia hapa, na nani ana njaa?" Mara nyingi wanapatia.

Mchoro wenyewe ni Mabibi Harusi Watatu wa Jan Toorop, Mholanzi aliyezaliwa Purworejo, kisiwani Java, mwaka 1858. Uko katika jumba la makumbusho la Kröller-Müller, Otterlo, Uholanzi. Ni chaki nyeusi, penseli na rangi kidogo juu ya karatasi ya kahawia, sentimita 78 kwa 98. Wengi wetu tumezoea kuiona penseli kama maandalizi ya picha itakayokuja baadaye. Hapa haiji nyingine. Penseli ndiyo picha.

Katikati amesimama bibi harusi wa kibinadamu, shela imemfunika, mwili unaonekana kwa mbali ndani yake. Upande mmoja yuko mtawa, bibi harusi wa Kristo. Upande wa pili yuko bibi harusi wa Shetani, shingoni amevaa mkufu wa mafuvu. Pembe za juu kuna mikono iliyopigiliwa misumari msalabani, na kwenye mikono hiyo zinaning'inia kengele. Sasa tazama kinachotoka kwenye kengele: ni nywele. Nyuzi ndefu, mamia, zinamiminika na kuzunguka wasichana wanaoelea, mpaka hujui tena kama unaona nywele, moshi au mlio. Toorop alitaka tuione sauti, na kalamu yake haikuwa na njia nyingine ila mstari.

Waliosoma fasihi wanaijua taashira: kitu kinasimama badala ya jambo lisiloonekana. Mwaka 1886 mshairi Jean Moréas alichapisha katika gazeti la Le Figaro, Paris, tamko la wasimbolisti, yaani wasanii wa taashira, akidai kazi ya sanaa ni kulivika wazo vazi ambalo hisi zetu zinaweza kuligusa. Wachoraji wengi waliishia kwenye vazi tu: yungiyungi likimaanisha usafi, fuvu likimaanisha mauti, kama kamusi. Toorop naye anayo kamusi hiyo, tena imejaa pomoni. Lakini ukiondoa maua na mafuvu yote, mchoro bado unasema. Hilo ndilo linalonirudisha kwake.

Unasemaje bila vitu hivyo? Nadhani jibu liko Java. Toorop alipelekwa Uholanzi kusoma akiwa bado mtoto, lakini mikono ya wanawake wake, myembamba, mirefu, yenye viwiko vikali, ni mikono ya vikaragosi vya wayang, vile vya ngozi ya nyati vinavyochezeshwa ili vivuli vyake vionekane kwenye pazia. Fikiria shida ya mchezeshaji, yaani dalang. Uso wa kikaragosi umeshakatwa. Hauwezi kutabasamu wala kulia. Hasira, haya na mapenzi lazima vipitie kwenye mkono unaoinuka, kwenye kichwa kilichoinama, kwenye mwendo. Tabia nayo imewekwa tangu mwanzo katika umbo la jicho: muungwana ana jicho jembamba na kichwa cha kuinamisha, mkorofi ana jicho la mviringo lililotoka.

Rudi sasa kwa mabibi harusi. Wa Shetani amekodoa macho. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini sioni jicho hilo kama mshangao. Naliona kama jicho la mkorofi wa wayang. Nyuso zote tatu ni kama barakoa. Kinachotetemeka ni mistari inayozizunguka.

Mwaka mmoja kabla alikuwa amechora O Grave, Where Is Thy Victory? (Ewe Kaburi, Ushindi Wako Uko Wapi?), iliyopo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Jina linatoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Malaika wanamnasua maiti kutoka kwenye matawi ya miiba. Mistari ya malaika ni mirefu na imetulia. Miiba inakwaruza karatasi. Huhitaji Biblia kujua uko upande wa nani. Na Toorop mwenyewe alikuwa hajawa Mkatoliki. Aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1905.

Simsifii kila kitu. Kuwagawa wanawake katika mtakatifu, mtamanifu na aliye katikati ni uvivu wa wanaume wa karne ya 19, na wanafunzi wangu wa kike hunikumbusha hilo kila mwaka, kwa haki kabisa. Isitoshe, karatasi imejaa mno. Jicho halipati pa kupumzika.

Mwisho wa kipindi nawaonyesha bango la mwaka 1894. Wanawake wawili, nywele zilezile zikifurika hadi ukingoni, mikono ileile ya Java. Mmoja anachanganya saladi. Ni tangazo la mafuta ya saladi ya kiwanda cha Delft, nalo lilivuma hadi Waholanzi wakaupa mtindo mzima jina la mzaha: mtindo wa mafuta ya saladi. Darasa zima hucheka. Kisha yuko mmoja, hakosekani, anayeuliza kama anaweza kuanza kwa kuchora chupa ya mafuta.