Ovakarenti kwenye poti za USB ni kitu gani, na kwa nini kompyuta uliyounga mwenyewe inajizima

Umeunga kompyuta yako mwenyewe, kesi umenunua huku, mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vipande vyote) kule, pawa saplai umeachiwa na mshkaji, ukawasha ikakubali na maisha yakaenda. Halafu siku unabonyeza pawa, skrini nyeusi, maandishi meupe: "USB device over current status detected", na chini yake unaambiwa mashine itajizima baada ya sekunde 15 ili kulinda mazabodi. Na kweli inajizima. Unawasha tena, vile vile. Au kwako haijizimi, ila Windows inatoa kidirisha cha "power surge on the USB port" halafu poti za mbele zinanyamaza, flashi haisomi, mausi haina hata taa.

Hapo wengi wanasema mazabodi imeungua, wanaanza kuulizia bei ya nyingine. Subiri kwanza.

Karenti ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, kinapimwa kwa ampia. Ovakarenti maana yake ni kwamba kwenye poti umepita umeme mwingi kuliko unaoruhusiwa, au kile kinacholinda poti kimedhani hivyo. Hiyo ya "kimedhani" ishike vizuri maana ndo inawachanganya watu, nitaifikia.

Poti ya USB inatoa volti 5. Kwa utaratibu wa USB 2.0, ile ya mwaka 2000, kifaa kikichomekwa kinaruhusiwa kuvuta miliampia 100 tu mpaka kijitambulishe kwa kompyuta, kikishakubaliwa ndo kinaweza kuomba hadi 500. USB 3.0 ilivyokuja mwaka 2008 ikapandisha, mwanzo 150 na mwisho 900. Sasa hayo ni makaratasi. Kile kifeni cha USB unachoweka mezani joto likizidi, au kile kitaa cha kusomea, havijitambulishi kwa mtu, havina hata chipu ya kuombea ruhusa, vinavuta tu vinachotaka. Hadi disiki ya nje, ile ndogo isiyo na adapta yake, pale inapoanza kuzunguka inavuta zaidi kuliko ikishatulia, ndo maana utaisikia inalia tik tik kwenye poti dhaifu na haitokei.

Kwa hiyo watengenezaji wa mazabodi wanaweka mlinzi kati ya umeme na poti. Kazi yake ni ileile ya breka ya umeme nyumbani, ukizidisha mzigo inaanguka ili waya zisiungue. Mlinzi mwenyewe yuko wa aina mbili. Kuna polifyuzi, kidude kidogo bapa, mara nyingi kijani au cheusi, kimechomelewa karibu na poti: umeme ukizidi kinapata moto, kikipata moto kinabana umeme, kikipoa kinaachia tena. Na kuna chipu ya swichi ambayo yenyewe inapima, ikizidishiwa inakata na kutoa taarifa.

Polifyuzi ina tabia moja ambayo ukiijua utaokoa muda. Ikishabana inabaki imebana muda wote ambao umeme bado upo na tatizo bado lipo. Sasa we unafanya nini? Unarestati. Kurestati hakusaidii kitu, kwa sababu mazabodi nyingi zinalisha poti za USB hata kompyuta ikiwa imezimwa, kuna waya wa zambarau kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 unaoleta volti 5 za stendibai muda wote swichi ya ukutani ikiwa ON, ndo maana simu inachaji kwenye mashine iliyolala. Zima, chomoa waya wa ukutani kabisa, bonyeza kitufe cha pawa sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki ndani, iache dakika kadhaa ipoe, halafu ndo uwashe ikiwa haina kitu chochote kwenye USB. Unashangaa watu wamebadilisha vitu vya pesa nyingi kwa tatizo ambalo lingeisha hapo.

Haya, kompyuta inajuaje kama poti imezidiwa? Kutoka kwa yule mlinzi kunakwenda waya mwembamba wa taarifa hadi kwenye chipuseti, ile chipu ya mazabodi inayosimamia poti. Waya ukiwa na umeme, mambo safi. Waya ukishuka kwenda sifuri, chipuseti inahesabu ovakarenti, basi. Haiulizi kwa nini.

Kwenye mazabodi zenye polifyuzi, huo waya mara nyingi unachungulia tu zile volti 5 baada ya fyuzi: zipo au hazipo. Kwa hiyo yale maandishi meupe, ukiyasoma kifundi, yanasema "hapa sioni volti 5", na zinaweza kupotea kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na kuvuta umeme mwingi. Fyuzi imekatika moja kwa moja, hakuna volti 5, inaandikwa ovakarenti hata kama hujachomeka chochote. Pawa saplai imechoka, zile volti 5 za stendibai zimeporomoka, ovakarenti. Mazabodi za zamani zina jampa, kikofia kidogo cha kuunganisha pini mbili, ya kuchagua poti zilishwe umeme wa kawaida au wa stendibai, mtu alikuwa anasafisha akaichomoa hakuirudisha, nayo ovakarenti. Mazabodi za mtumba hii ya jampa iangalie mapema sana, maana hujui imepita mikononi mwa nani.

Na kingine: zile nyaya za taarifa kwenye chipuseti ni chache kuliko poti, kwa hiyo poti mbili au zaidi zinagawana mmoja. Ndo maana ujumbe haukutajii poti gani, na ndo maana poti moja iliyopinda pini inaweza kuua na jirani yake ambaye hana kosa. Ukiwa na Linux ukiandika dmesg utaona "over-current condition" na namba ya poti, inasaidia, ila usishangae ikitaja poti kadhaa kwa mpigo, sababu ni hiyohiyo.

Sasa kumtafuta mwizi. Kanuni ni kuondoa vitu, usiongeze. Chomoa kila kitu cha USB, kibodi na mausi pia, washa. Maandishi yakipotea basi mwizi ni mojawapo ya ulivyochomoa, rudisha kimoja kimoja. Waya za kuchajia zilizochubuka, flashi iliyokanyagwa, na habu (vile vidude vya kugawa poti moja ziwe nyingi) za bei ya chini ndo wanaoongoza. Kwenye habu kuna ujinga mwingine: zile zenye adapta yake, zikiwa mbovu kimuundo, zinarudisha volti 5 nyuma kwenye mazabodi, utaona kompyuta umeizima lakini vitaa vingine ndani bado vinawaka. Habu ya hivyo mgawie adui yako.

Maandishi yakibaki hata kama hakuna kitu nje, fungua kesi, na cha kwanza kugusa ni waya wa USB za mbele. Ule waya kutoka uso wa kesi unaochomekwa kwenye heda ya mazabodi (zile pini zilizosimama kwa safu), uchomoe, washa bila huo. Poti za mbele ndo zinazoteseka kuliko zote, zinapigwa goti, watoto wanaingiza vitu, wafagiaji wanagonga flashi ikiwa humo, vumbi linajaa. Kile kiulimi cha plastiki ndani kikivunjika zile shaba zinalala na kugusa ukuta wa chuma, na ukuta wa chuma ni gandi (upande wa sifuri wa umeme), shoti tayari. Sisi wa pwani tuna la ziada, hewa ya chumvi, poti isiyotumika miezi inaota ukijani kwenye shaba. Chungulia kwa tochi ya simu kabla hujalaumu mtu.

Ukichomoa heda na mashine ikawaka vizuri, umemaliza, ubovu uko kwenye kesi, na kile kipande cha poti za mbele kinabadilishwa au unaishi bila hicho. Hakihusiani na mazabodi hata kidogo.

Lakini kompyuta za kuunga zenyewe zina mitego ambayo za dukani hazina, kwa sababu aliyefunga ni wewe. Ile sahani ya bati ya nyuma, inayozunguka poti, ina vijilimi vya chuma vya kugusa poti kwa nje. Unapotelezesha mazabodi ndani, kijilimi kimoja kinaweza kuingia ndani ya tundu la USB badala ya kukaa juu yake, na usijue mpaka uangalie kwa nyuma. Nakuhakikishia hii inatokea sana, na dawa yake ni kulegeza skrubu, kurudisha mazabodi nyuma kidogo, kukunja hicho kijilimi nje na kufunga tena. Halafu zile nguzo za shaba zinazobeba mazabodi: nguzo ikibaki sehemu ambayo mazabodi haina tundu, inagusa risasi za chini, na shoti hiyo inaweza kujionyesha kama USB, kama sauti, au kama mashine isiyowaka kabisa.

Heda nayo. Heda ya USB 2.0 ina pini 9, safu mbili za tano na pini moja imeondolewa ili plagi isiingie kinyume. Inabeba poti mbili. Pini ya 1 na ya 2 ndo volti 5, ya 7 na ya 8 gandi. Kesi za zamani, waya zake za mbele zinakuja kila mmoja na kofia yake, nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi, unapachika mwenyewe, na hapo ukibadilisha nyekundu na nyeusi flashi ya kwanza utakayochomeka inakufa. Mbaya zaidi mazabodi za miaka hiyo zina heda ya FireWire, aina nyingine ya poti inayoitwa pia 1394, yenye umbo lilelile kabisa la pini 9, na ile inabeba volti 12. Ukichomeka USB ya mbele pale hata huoni ujumbe wa kukuonya, unaona kifaa kimeungua. Soma maandishi yaliyochapwa pembeni ya heda kabla ya kusukuma. Heda ya USB 3.0 ni ile kubwa ya pini 19, plagi yake ngumu balaa, ukiikandamiza upande pini zinalala chini, zinyooshe taratibu kwa sindano na mashine ikiwa imechomolewa ukutani.

Mwenye mita ya kupimia umeme asibahatishe. Chomoa umeme, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini ya volti 5 na ya gandi kwenye heda yenyewe, ni rahisi kuliko kuingiza ncha kwenye tundu la poti. Ukisoma sifuri au karibu na sifuri, kuna shoti kwenye mazabodi. Ukisoma namba kubwa, hakuna shoti, rudisha umeme upime volti: kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa. Ukikuta sifuri hapo na kwenye omu hakukuwa na shoti, fyuzi ya upande huo imekatika, au jampa haipo. Ukikuta 4.2 hivi kila heda, angalia pawa saplai. Kuwa makini ncha za mita zisigusane wakati mashine ina umeme, utajitengenezea ovakarenti mwenyewe.

Si kila USB mbovu ni ovakarenti lakini. Taa ya mausi ikiwaka na mshale hausogei, umeme upo, tatizo liko kwenye nyaya mbili za data au kwenye draiva. Kifaa kikilala baada ya muda kisirudi, hiyo ni Windows inabana matumizi, nenda kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), fungua USB Root Hub, toa tiki ya kuruhusu kompyuta ikizime kuokoa umeme. Na mausi isiyo na waya inayorukaruka ukichomeka kipokezi chake pembeni ya disiki ya USB 3.0, hilo ni kelele ya redio, USB 3.0 inachafua masafa ya 2.4 GHz, hamishia kipokezi mbele.

Ukikuta fyuzi imekatika, fundi wa simu anaitoa na kuweka nyingine yenye kipimo hichohicho, ni kazi ndogo kwake. Kuna wanaoshauri uruke fyuzi kwa kipande cha waya, poti inarudi kweli, ila stendibai ya pawa saplai ina uwezo wa ampia 2 au 3 na sasa hakuna wa kuikatiza, waya ukigusana siku moja ile njia nyembamba ya shaba ndani ya mazabodi ndo itakuwa fyuzi, na hiyo haibadilishwi. Kama shoti iko ndani ya chipuseti yenyewe, huna la kufanya kwa zile poti. Ila mradi mashine inawaka na inafika kwenye Windows, nunua kadi ya USB ya kuchomeka kwenye PCIe (ile nafasi ya kadi kwenye mazabodi), chagua yenye soketi yake ya umeme wa SATA (ile plagi ya disiki inayotoka kwenye pawa saplai) ili isitegemee volti za mazabodi, itakupa poti mpya zenye kidhibiti chake na mlinzi wake. Kama ndo ile inayojizima kila baada ya sekunde 15, kadi haitasaidia mpaka ule waya wa taarifa uone volti 5, kwa hiyo anza na fyuzi.