Sifuri ya sum(): kujumlisha pesa kwenye Python

Mwenye duka la jumla Kariakoo anauza sukari kwa shilingi, mzigo anauagiza kwa dola. Ukiziandika bei hizo kama namba tupu, Python itajumlisha 120000 na 45 bila kuuliza, na jumla hiyo haina maana yoyote. Dawa yake ni kuunda klasi (aina mpya ya kitu) ya Pesa, kisha kuieleza alama ya + ifanye nini:

```python
class Pesa:
    def __init__(self, kiasi, sarafu="TZS"):
        self.kiasi = kiasi
        self.sarafu = sarafu

    def __add__(self, nyingine):
        if not isinstance(nyingine, Pesa):
            return NotImplemented
        if self.sarafu != nyingine.sarafu:
            raise ValueError("Sarafu hazilingani")
        return Pesa(self.kiasi + nyingine.kiasi, self.sarafu)
```

Itazame vizuri `return NotImplemented`. Wengi huandika `raise NotImplementedError`, na hapo ndipo wanapokosea. `NotImplemented` ni thamani inayorudishwa. Inaiambia Python kwamba upande wa kushoto umeshindwa, uulizwe wa kulia kupitia `__radd__`, yaani `__add__` ya upande wa kulia. Nao ukishindwa, Python yenyewe inatoa `TypeError`. Ukirusha kosa mapema, upande wa kulia hauulizwi kabisa.

Sasa jaribu `sum([Pesa(3000), Pesa(4500)])`. Inagoma: `unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'Pesa'`. Namba nzima (`int`) imetoka wapi? `sum()`, inayojumlisha vitu vya orodha, huanza na 0, kwa hiyo hesabu ya kwanza ni `0 + Pesa(3000)`, na `int` haiijui Pesa. Ushauri uliozoeleka ni kuongeza `__radd__` inayopokea 0 na kurudisha `self`. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi. Siku ambayo duka halikuuza kitu, orodha ni tupu, `sum()` inarudisha 0 tupu, na ripoti inaanguka kwa `AttributeError` pale inapotafuta `.kiasi`. Afadhali utaje mwanzo mwenyewe:

```python
jumla = sum(mauzo, Pesa(0))
```

Kwa mauzo ya dola, anza na `Pesa(0, "USD")`. Senti zihesabu kwa `Decimal`, aina ya namba inayotunza desimali kamili, maana kwa `float` (namba ya desimali ya kawaida) 0.1 + 0.2 si 0.3 kamili.

Ukiandika `__eq__` (inayoeleza ==) bila `__hash__` (inayokipa kitu namba ya kukitafutia), Pesa haitakubali tena kuwa ufunguo wa `dict` wala kuingia kwenye `set`. `@dataclass(frozen=True)`, inayoandikwa juu ya klasi, inakupa zote mbili. Ila usiongeze `order=True`, inayoleta alama za < na >: inalinganisha kiasi kwanza, sarafu baadaye, hivyo dola 100 zitahesabiwa kuwa ndogo kuliko shilingi 50000. Andika `__lt__` (inayoeleza <) kwa mkono, ukikagua sarafu kama kwenye `__add__`.