Manowari, kabati na sikio la mwanafunzi wa Kiingereza

Neno "manowari" limetokana na "man-of-war", jina la Kiingereza la meli ya kivita, na kila ninapolitaja darasani huwaomba wanafunzi wasikilize kilichotokea katikati yake. Waliolipokea hawakusema "manofuwari". Walilichukua kutoka vinywani mwa mabaharia, si kutoka kwenye maandishi, kwa hiyo ile "of" ilibaki irabu moja tu, kama inavyobaki Mwingereza anapoitamka kwa haraka. "Kabati" nalo limetoka kwenye "cupboard", bila ile p ambayo huandikwa na haitamkwi. Baiskeli ni vivyo hivyo, kwa maana aliyelisoma neno "bicycle" kwa macho ya Kiswahili angetuachia kitu kama "bichikle".

Wanafunzi wetu wa leo wanapita njia ya upande wa pili. Aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, huku Kiingereza kikiwa somo moja la ubaoni, na anapoingia Kidato cha Kwanza anatakiwa ghafla asikilize fizikia na historia kwa lugha ambayo ameiona mara nyingi kuliko alivyoisikia. Maandishi ya Kiswahili ni maaminifu, kila herufi hudai haki yake, na mtoto aliyezoea uaminifu huo huupeleka pasipo nao: anasema "Wednesday" kwa silabi tatu na "comfortable" kwa nne. Siku atakapolisikia neno hilo hilo likitamkwa na mwenye lugha, atadhani ni neno jipya.

Tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haipo kwenye herufi bali kwenye mwendo. Kiswahili huzipa silabi muda unaokaribiana na kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza huzibeba silabi chache kwa nguvu na kuzimeza zilizobaki, na mahali pa mkazo hubadilika kutoka neno hadi neno. Juu ya hayo, Kiswahili kina irabu 5, wakati matamshi sanifu ya Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine. Ndiyo maana "cat", "cut" na "cart" huweza kutua katika sikio letu kama neno moja.

Ninafundisha darasa la jioni mjini Moshi, ambamo wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro hukaa pamoja na vijana waliomaliza Kidato cha Nne. Jioni moja niliwachezea sentensi moja fupi iliyorekodiwa, "He should have told them", mara tatu, kisha nikawaomba waandike. Binti mmoja mwenye alama nzuri za sarufi aliandika "He shoulder tall them", akaitazama karatasi yake kwa mashaka, akafuta, akaandika yale yale. Mpagazi wa zamani aliyeishia darasa la saba hakuandika kitu. Aliinua mkono.

"Mwalimu, huyo analaumiwa. Hakuwaambia."

"Umejuaje?"

"Wazungu husema hivyo wakiudhika na kampuni."

Binti aliuliza mbona msemaji hakutamka "have". Nilimjibu kwamba ametamka, ila imebaki pumzi kidogo iliyojibandika kwenye "should". Anaijua kanuni ya kitenzi hicho kuliko mpagazi, na angekijibu kwenye mtihani bila kusita. Kilichomkosa ni kukutana nacho kikiwa kimevaa nguo za nyumbani.

Tangu hapo nimepanga vipindi vya kusikiliza kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza tunasikiliza kupata maana tu, bila kalamu. Mara ya pili tunagonga meza kila penye mkazo, na darasa hushangaa kugundua kwamba "What are you going to do?", yenye maneno sita, inaweza kugongwa mara mbili tu, kwenye "going" na "do". Kisha wanaandika wanachodhani wamesikia, na hapo ndipo ninapowapa maandishi wajisahihishe. Hatua inayofuata huachwa na walimu wengi, nami niliiacha kwa miaka: kuyafunika maandishi na kusikiliza tena. Sikio hujifunza wakati huo, likiwa tayari linajua kinachokuja. Anayetazama filamu huku macho yamenasa kwenye maandishi ya chini ya skrini anafanya zoezi la kusoma, hata akijidanganya vipi.

Watu huniuliza kuhusu matangazo ya mwendo wa polepole. Sauti ya Amerika ilianza kutangaza kwa Kiingereza chepesi mwaka 1959, kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500 na kasi ya chini, na wazee wengi waliokisikia redioni wanakikumbuka kwa shukrani. Kinafaa kwa msamiati na kwa kumtoa mtu woga. Hata hivyo anayesoma polepole huzirudisha silabi zilizomezwa, hivyo msikilizaji hafanyi mazoezi ya jambo linalomsumbua hasa. Mimi napendelea sekunde kumi na tano za mazungumzo ya kawaida zilizorudiwa mara nane.

Katika kuzungumza mambo hugeuka. Simtaki mwanafunzi wangu ameze silabi kama mtu wa London. Anahitaji kuzielewa zinapomezwa na wengine, basi. Lafudhi yetu haina aibu. Ninachosisitiza ni mkazo, kwa sababu ukikosewa hupoteza maana. Anayesema "inDUStry" badala ya "INdustry" atarudishiwa "pardon?", na neno "can" lina hatari zaidi. Sisi hulitamka kwa uzito, wakati Mwingereza hulipunguza sana na kuuhifadhi uzito kwa "can't". Mwongozaji mmoja aliwaambia wageni "you CAN drink this water", nao, wakidhani amesema "can't", wakayamwaga maji yaliyokwisha chemshwa.

Lipo pia suala la muda. Katika kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 70, kila mmoja akisimama kwa zamu anapata sekunde 34, na hapo mwalimu hajafungua mdomo. Kwa hiyo ninawagawa wawili wawili. Kila mmoja anasimulia jambo moja kwa dakika nne, anabadilisha mwenzi na kulirudia kwa dakika tatu, kisha kwa dakika mbili kwa mwenzi wa tatu. Mbinu hii ni ya zamani na inafahamika kwa walimu wa lugha. Kelele huwa nyingi, walimu wa jirani hulalamika, lakini hakuna anayechekwa kwa kuwa hakuna hadhira. Nilikosoma mimi, aliyekutwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Hakikutufundisha Kiingereza, kilitufundisha kunyamaza.

Nisimpambe mpagazi wangu kupita kiasi. Kiingereza chake ni chepesi mlimani, penye mahema, maji, kichwa kuuma na kupanda pole pole. Nilipomwomba asimulie habari za mama yake alikwama kwenye sentensi ya pili, kwa maana maneno hayo hakuna mtalii aliyewahi kumpa. Sasa ninamkalisha na yule binti. Binti humsomea aya fupi za gazeti na kumweleza maneno mapya, naye humchezea sauti za wageni alizorekodi kwa idhini yao, akizisimamisha na kumuuliza, "Hapo kasemaje?" Juma lililopita binti alijibu sawasawa mara nne mfululizo, na ya tano akakasirika, akaiomba simu airudie mwenyewe.