Mikono Isiyo na Majina

Kundi jipya la wanafunzi wa picha na habari likianza kwenye taasisi yetu hapa Bagamoyo, siku ya kwanza hatugusi kamera. Tunatembea hadi Misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani, na pale nawauliza ni nani alilazwa humo usiku mmoja wa Februari 1874. Hilo hawakosi: David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti. Nikiuliza la pili, nani walimleta, mmoja anasema "wapagazi", mwingine anabahatisha "watumwa", wa tatu anaangalia simu.

Livingstone alifika Bagamoyo akiwa maiti. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Watu aliokuwa akisafiri nao wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakauviringisha kwenye nguo na magome, halafu wakaubeba kwa miguu hadi pwani hii. Safari ilichukua miezi, na wengine waliugua na kufia njiani. Walikuwemo Abdullah Susi na James Chuma. Alikuwemo Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nasik, India, ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye ule mti. Alikuwemo Halima, mpishi, ambaye hata wasimulizi wetu wenyewe humruka. Walipoukabidhi mwili walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao. Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na jeneza mpaka London. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Ukienda leo kanisani Westminster Abbey, London, jiwe la kaburi linasema kwa Kiingereza kwamba Livingstone aliletwa na mikono miaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Mikono. Mkono hauna mdomo wala mama, na haukuulizi mshahara wake uko wapi.

Huwa naulizwa, hasa na walimu wa sekondari, vyombo vya habari vimemfanyia nini mtu mweusi. Jibu langu ni fupi: vimemnyang'anya jina. Wengi wanatarajia niseme vimemchora mbaya, na kweli vimemchora mbaya, lakini hata anapochorwa mzuri, shujaa, mwaminifu, mwenye tabasamu pana, jina linakuwa halipo. Na mtu asiye na jina unaweza kumwandikia chochote.

Tazama postikadi za enzi za Mjerumani zilizopigwa kwenye pwani hii. Mpagazi. Askari. Binti wa Kiswahili. Ni aina za watu, kama mtu anayepanga vipepeo kwenye kisanduku. Jina lililochapwa, kama lipo, ni la mpiga picha au la duka lililoiuza kadi. Yule binti alivaa vizuri siku ile, alisuka nywele, pengine aliweka na wanja. Bila shaka alikuwa na jina na mtaa.

Miaka mia baadaye hali haikuwa imebadilika sana, ila kasi. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans, picha mbili zilisambaa dunia nzima karibu kwa wakati mmoja. Zote zinaonyesha watu ndani ya maji yaliyofika kifuani, wamebeba vyakula. Chini ya picha ya kijana mweusi iliandikwa kwamba ametoka kupora duka. Chini ya picha ya weupe wawili iliandikwa kwamba wamepata mkate na soda kutoka dukani. Zilitoka kwa mashirika mawili tofauti ya habari, na waliohusika walijitetea kwamba kila mmoja aliandika alichokiona. Sina haja ya kubishana nao. Huwa nazitoa picha zile darasani, nafunika maelezo kwa karatasi, nawaambia wanafunzi waandike ya kwao. Wanaandika "wahanga wa mafuriko" kwa zote mbili. Nikiondoa karatasi, darasa linaguna.

Wakati mwingine hata maneno hayahitajiki, mkasi unatosha. Januari 2020, Vanessa Nakate wa Uganda alipigwa picha Davos, Uswisi, pamoja na wasichana wengine wanne wanaharakati wa tabianchi, akiwemo Greta Thunberg. Nakate alikuwa pembeni, peke yake mweusi. Picha iliyotolewa na shirika la habari la Associated Press ilikuwa na wanne. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba jengo lililokuwa nyuma yake liliharibu mpangilio wa picha. Baadaye shirika liliomba radhi. Mimi ni mtu wa picha, nimekata picha maelfu, na nakubali kwamba jengo linaweza kukera jicho. Lakini mhariri akimkata mtu asiyemjua, hasikii chochote mkononi. Angekuwa anamjua Nakate ni nani na amefuata nini pale, mkasi ungekuwa mzito.

Kuhusu picha za njaa nitasema kidogo, maana zimesemwa sana. Njaa ya Ethiopia ya 1984 ilikuwa na vita na siasa ndani yake, siyo ukame tu, ila iliyofika kwenye sebule za Ulaya ilikuwa mtoto na nzi machoni. Mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yenyewe yalikubaliana kanuni za kuheshimu utu wa wanaopigwa picha. Kanuni ni nzuri. Hata hivyo, miaka michache iliyopita nililetewa kijitabu cha shirika moja, sitalitaja, ndani yake kuna mama wa soko letu la samaki ameinama juu ya karai. Chini yake wameandika kwamba anahangaika kupata mlo wa watoto wake. Namjua. Ana banda lake, ana vijana watatu anaowalipa, na alfajiri mnada ukifunguliwa wachuuzi wadogo humsubiri yeye aanze kutaja bei. Alikuwa ameinama kwa sababu mafuta yalikuwa yanataka kufurika.

Sasa niseme la kamera yenyewe, kwa kuwa watu hudhani mashine haina upande. Enzi za filamu, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe. Kodak ilianza kuzisambaza kadi hizo miaka ya 1950, na mafundi wakaziita "Shirley". Shirley akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ndiyo maana kwenye albamu za wazazi wetu kuna picha za harusi ambamo bibi harusi ni shela na bwana harusi ni kanzu, meno na weupe wa macho. Hapo katikati giza. Tulidhani fundi wa studio hajui kazi. Kwa maelezo ya waliowahi kufanya kazi Kodak, malalamiko yaliyosukuma filamu kuboreshwa yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilitoka rangi moja kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya babu yangu.

Na pale palipokuwa na sababu ya kumwona mtu mweusi vizuri, ufundi ulipatikana. Afrika Kusini ya ubaguzi ilitumia kamera ya Polaroid yenye kitufe cha kuongeza mwanga wa flashi, kwa picha za zile pasi ambazo weusi walilazimishwa kutembea nazo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua bidhaa zao zinatumikaje na wakaanzisha mapambano. Polaroid ilijiondoa nchini humo 1977.

Usidhani simu imeyamaliza haya. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, uliotoka 2018, ulipima programu zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama sura. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, iliyofanya vibaya zaidi ilikosea kwa asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe, kosa la juu kabisa lilikuwa asilimia 0.8.

Kwa mpiga picha wa hapa, hili ni jambo la kila siku. Pwani yetu inatazama mashariki. Ukimsimamisha mtu asubuhi mgongo wake ukiwa baharini, jua liko nyuma yake, na simu itapima mwanga wa maji badala ya wake. Utapata bahari nzuri na kivuli chenye shati. Mgeuze aitazame bahari, au subiri alasiri jua lihamie upande wa mji. Gusa uso wake kwenye skrini kabla hujabonyeza, kisha ongeza mwanga kidogo. Ukiwa ndani, msogeze karibu na dirisha, mwanga umpige ubavuni. Ngozi nyeusi inaonekana kwa mng'ao wake, pale mwanga unapoteleza shavuni, kwa hiyo usimpake poda ukaua mng'ao. Na ile chujio ya kung'arisha sura iliyowashwa tayari kwenye simu nyingi, izime. Simu haina haki ya kumpaka mtu mkorogo bila kumuuliza.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo dunia tuliiona kwenye benchi, kwa kanda iliyochakaa, huku dijei, yaani msimulizi wa filamu wa mtindo wa akina Lufufu, akitafsiri kwa Kiswahili. Kanuni tulizijua zote. Steringi hafi. Anayekufa ni rafiki yake mweusi, tena mapema, mara nyingi akiwa ndiyo kwanza ametoka kutuchekesha. Tulimshangilia steringi mzungu akiwapiga watu waliofanana na baba zetu, na hakuna aliyeona ajabu. Dijei wa mtaani kwetu alikuwa na tabia moja ninayoikumbuka kwa upendo: mweusi akitokea tu, anampa jina la Kiswahili na ukoo, na akifa anatuambia ameacha mke na deni dukani. Tulikuwa tunacheka, lakini huyo ndiye marehemu pekee tuliyemsikitikia.

Sisi je? Fungua gazeti wiki ambayo vijana wa Kiethiopia wamekamatwa ukanda huu wa Pwani na Tanga, wakiwa safarini kwenda Afrika Kusini. Picha ni ileile: wamekalishwa chini, magoti kifuani, sura wazi, na askari kasimama. Kichwa cha habari kinasema "wanaswa", kitenzi cha panya na samaki. Idadi yao ipo mpaka wa mwisho, jina hata moja halimo. Jina lililomo ni la kamanda. Kwenye tamthilia zetu, msichana wa kazi mweusi tii, mwenye nyumba mweupe. Anayetoka kijijini amepakwa vumbi hata kama ametoka kijijini kwa basi la asubuhi akiwa ameoga. Haya hayakuandikwa London.

Ukiona umeandikwa au umepigwa picha kwa namna ya kukudhalilisha, hujafungwa mikono. Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari na kusuluhisha. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, na picha inayokutambulisha ni taarifa yako. Andika tarehe, hifadhi nakala ya ukurasa kabla haujafutwa, na useme neno gani hasa limekukosea. Malalamiko ya "wametuaibisha" hayafiki mbali. Ya "mmeandika nahangaika, mimi ni mfanyabiashara mwenye banda" yanafika.

Somo letu la mwisho hufanyika sokoni, pale kwenye mabanda ya kukaanga. Kila mwanafunzi anapiga picha moja tu na kuandika mstari mmoja chini yake. Sharti ni aseme na mtu huyo kwanza, amuulize jina na linavyotamkwa, amuulize anafanya nini badala ya kukisia, halafu amwonyeshe picha na kumsomea kilichoandikwa. Wengi wanarudi na mistari mizuri, wengine mirefu kupita kiasi, maana wakinamama wakianza kusema hawanyamazi mpaka ndugu wote watajwe.

Mwaka jana binti mmoja alipiga kwanza, akauliza baadaye. Picha ilikuwa kali kuliko zote: mvuke, mkono wenye bangili, uso umegeuka nusu kwenye mwanga wa alasiri. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, simu mapajani, anafuta na kuandika upya. Nikamuuliza kuna nini. Akasema yule mama amekubali picha ibaki ila jina amelikatalia, na amemwagiza aandike hivyohivyo. Chini ya picha ile, iliyoko ukutani kwetu mpaka leo, pameandikwa: "Mkaanga samaki na mwenye banda, Bagamoyo. Jina analo, hakutaka kulitoa kwa sababu hakuulizwa kabla."