Kuzuia Samaki wa Kufugwa Wasitorokee Mtoni na Ziwani

Samaki akishatoka bwawani na kuingia mtoni, kumrudisha ni karibu haiwezekani. Huko atagombania chakula na mazalia na samaki wa asili, ataambukiza vimelea alivyotoka navyo, na mara nyingi atazaana na ndugu zake wa porini. Sato (Oreochromis niloticus) anajulikana sana kwa hilo: huchanganyika na jamii nyingine za sato, na watoto wanaopatikana huzaa pia. Baada ya vizazi kadhaa jamii ya asili inaweza kupotea huku watu wakiendelea kuona ziwa lina samaki.

Wafugaji wengi huilaumu mvua kubwa. Mvua huchangia, lakini mara nyingi inakuta mlango umeshaachwa wazi.

Kwenye bwawa, mlango huo ni bomba la kutolea maji. Mfugaji hufunga kipande cha wavu mdomoni mwa bomba, majani na utelezi vinaziba matundu, maji yanapanda usiku kucha na mwishowe yanamwagika juu ya tuta pale lilipo chini zaidi. Hapo samaki hutoka kwa mamia, kupitia mahali ambapo hapakuwa na chujio kabisa. Kulegeza matundu ili yasizibe si dawa, maana vifaranga watapita. Dawa ni kupanua chujio. Bomba la kipenyo cha sentimita 10 lina mdomo wa takriban sentimita za mraba 79 tu. Ukiuzungushia ngome ya wavu mgumu yenye kipenyo cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 50 ndani ya maji, ubavu wake unakupa takriban sentimita za mraba 4,700, yaani eneo karibu mara 60. Hata nusu yake ikiziba, maji bado yanapita. Weka na chujio la pili upande wa nje, ili unaposafisha moja, jingine libaki kazini.

Tuta lizidi usawa wa maji kwa sentimita 30 hadi 50, na bwawa lenyewe lijengwe juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wenyeji. Kagua kitako cha tuta upande wa nje: ardhi yenye unyevu wakati wa kiangazi huashiria tundu la kaa au panya. Usizibe mdomo wa tundu tu. Lichimbue lote, kisha ulishindilie udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka kwa tabaka.

Vizimba, yaani mabanda ya wavu ya kufugia samaki ndani ya ziwa au bahari, vina shida yake, nayo huanzia dukani. Tundu la wavu hupimwa kwa njia mbili: upande mmoja, fundo hadi fundo, au likiwa limevutwa hadi pande zake zikutane. Wavu wa milimita 20 kwa kipimo cha kuvutwa una upande wa milimita 10. Ukiagiza milimita 20 bila kutaja kipimo, unaweza kuletewa tundu kubwa mara mbili ya ulilokusudia. Uliza kabla ya kulipa. Kisha usichague kwa wastani wa uzito: mchukue kifaranga mdogo kuliko wote na umjaribishe kwenye wavu ulioloa na kunyooshwa. Kichwa kikipita hadi nyuma ya mashavu, wavu huo haumfai.

Uzito wa kuzamishia wavu ufungwe kwenye kamba za fremu, kamwe usifungwe kwenye nyuzi za wavu, maana hapo ndipo huchanika kwanza. Pale wavu unapokutana na uso wa maji, jua na msuguano huula haraka; pakague kila wiki na baada ya kila dhoruba. Penye fisi maji au mamba, zungusha wavu wa pili wa nje, mbali kiasi na wa ndani.

Usafi wa wavu si suala la mzunguko wa maji peke yake. Mwani na kome hupunguza nafasi za maji kupita, hivyo mkondo unausukuma wavu kama ukuta. Nguvu hiyo huongezeka mara nne mkondo unapozidi kasi mara mbili, na mzigo wote unaziangukia kamba za nanga. Agosti 2017, katika jimbo la Washington, Marekani, kizimba kikubwa cha samoni kilivunjika na samaki zaidi ya 200,000 wakatoroka; wachunguzi wa jimbo walisema nyavu zilikuwa zimelemewa na kome na viumbe wengine.

Wakati wa kuhamisha au kupanga samaki kwa ukubwa, tandika wavu chini ya njia wanayopitishwa. Unapokausha bwawa, funga mfuko wa wavu kwenye mdomo wa nje wa bomba. Vifaranga waliobaki wasimwagwe mtoni.

Kufuga madume pekee husaidia, lakini dume si tasa; akikutana na jike wa porini atazaa. Utasa hupatikana kwa kuyashtua mayai kwa joto au mgandamizo mara baada ya kutungishwa, kazi ya kituo cha uzalishaji chenye utaalamu.

Samaki wakitoroka, ziba tundu kwanza, kisha mjulishe afisa uvuvi siku hiyo hiyo, na utege nyavu nje kwa idhini yake tu. Atakuuliza ni wangapi wametoka. Jibu utakuwa nalo ikiwa uliwahesabu siku ya kuwapandikiza na umekuwa ukiandika waliokufa kila siku.