Mashine ya nyasi ikigoma kuwaka, anza na plagi

Mvua ya Machi ikishika Nakuru, nyasi za mitaa ya Milimani na Section 58 huinuka haraka, na mashine zilizolala stoo tangu Desemba hutolewa nje. Zinavutwa kamba mpaka bega linauma, haziwaki. Kinachofuata mara nyingi ni mtu kufungua kabureta (inayochanganya petroli na hewa) palepale uani, springi inapotelea kwenye nyasi, kumbe ubovu haukuwa huko. Mimi kabureta siigusi kabla ya kuitazama plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli.

Nazungumzia injini za stroku nne, ambazo oili haichanganywi na petroli, kama Honda GXV160 na zile za Briggs & Stratton. Weka choki, bana mkono wa breki (ule wa kwenye mpini ambao ukiuachia injini inazima), vuta kamba mara tano, kisha fungua plagi papo hapo. Imelowa petroli, au ni kavu?

Kavu maana yake petroli haifiki kwenye silinda. Angalia vitu vya bure kwanza. GXV160 ina koki ya mafuta, na huwa kuna mtu aliyeifunga akasahau. Legeza pia kifuniko cha tangi; kitundu chake cha hewa kikiziba kwa matope, petroli haishuki. Bado? Tia petroli safi nusu kijiko cha chai kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Ikinguruma sekunde mbili tatu ikazima, cheche iko na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) iko. Sasa kabureta unaweza kuifungua.

Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika: sehemu nyepesi zinaruka, inabaki gundi ya kahawia inayoziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli kwenye kabureta. Funga koki, weka kopo chini, fungua boliti moja iliyo chini ya bakuli la kabureta. Kama kuna maji utayaona yakiteleza chini ya petroli kama shanga. Hapo mwaga tangi lote, na jerikeni pia. Kwenye GXV160 jeti kuu imo ndani ya nguzo ya katikati. Itoe kwa bisibisi bapa inayoenea mfereji wake sawasawa, kwa sababu shaba ni laini na ikishachubuka haitoki tena. Baadhi ya Briggs zina jeti kwenye boliti yenyewe ya bakuli, kwa hiyo chunguza matundu madogo ya ubavuni. Ishike jeti juani: unatakiwa kuona duara safi la mwanga. Izibue kwa uzi mmoja tu uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya kushonea inapanua tundu, na kuanzia hapo injini itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi. Huku kwetu, karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mchanganyiko tayari umezidi petroli. Usiuongezee.

Plagi iliyolowa ni habari nyingine: petroli inafika, haichomeki. Toa filta ya hewa kwanza, maana vumbi la Nakuru ni laini kama unga. Sponji ioshe kwa sabuni na uikaushe. Ya karatasi badilisha. Ikiwa filta imejaa oili, mashine ililazwa vibaya wakati wa kusafisha kisu. Ilaze siku zote kabureta ikiwa juu.

Sugua plagi, weka nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8 kwenye ncha zake, ivishe kofia yake, kisha iegemeze kwenye chuma kitupu cha injini kwa koleo lenye mpira, mbali na tundu lake kwa sababu mvuke wa petroli unaweza kushika. Bana mkono wa breki, mwenzako avute. Unataka cheche ya bluu. Usipoona kitu, chomoa ule waya mwembamba wa kuzimia ulio kwenye koili (inayotengeneza umeme wa cheche) ujaribu tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima. Kebo ya breki imelegea au imeshika kutu, haiachilii swichi. Rudisha waya huo kabla ya kukata nyasi, la sivyo mkono wa breki hautazima injini. Cheche isiporudi, piga msasa laini kutu iliyo kwenye sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na upime nafasi kati yake na koili kabla ya kununua koili mpya.

Cheche iko, petroli iko, lakini kamba inakurudishia mkono kwa nguvu au injini inapiga kupitia kabureta? Uliza kama kisu kiligonga jiwe au kisiki. Chomoa kofia ya plagi, fungua nati ya flaiwili, utazame kii, kipande kidogo kinachoishikilia flaiwili kwenye kranki (mhimili wa injini). Mifereji miwili, wa flaiwili na wa kranki, lazima ilingane; ikipishana kidogo tu, cheche inakuja wakati si wake. Kwenye Briggs kii imetengenezwa kwa metali laini makusudi ili ikatike yenyewe. Kuna mafundi wanaokata msumari na kuuchomeka hapo. Mashine itawaka vizuri kabisa, na jiwe la pili litapinda kranki. Kii ni bei ndogo, kranki ni injini nzima.

Kii ikiwa sawa na kamba inavutika kilaini bila kuhisi mbano, shida ni vali au ringi. Hiyo ni kazi ya kufungua hedi, si ya uani.